Kicheko cha Farasi wa Baba

Kila alfajiri mama alipofika kutoka hospitalini, kabla hata hajavua viatu, aliichua mikono ya baba. Walikutana jikoni kwetu Euless, Texas, yeye akija kulala, baba akitoka kwenda kwa farasi, na hicho kipindi kifupi cha katikati ndicho kilichokuwa ndoa yao siku za kazi. Chai iko mezani, simu inasoma Injili ya siku, ndege za asubuhi zinapita juu ya paa hadi vijiko vinatikisika, na mama amekaa amevishika viganja vya baba anavikagua kama mtu anayechambua mchele.

"Sista, pole pole," baba angesema. "Hicho kidole bado nakihitaji."

"Kama ungekuwa unakihitaji ungevaa glavu kwa hiyo baridi."

"Glavu hazisikii kitu."

Mama mwenyewe hakuvaa glavu akimchua. Niliwahi kumuuliza kwa nini, kwa sababu huwa nauliza, naye alinitazama kama nimemtukana. "Usiku kucha nimevaa glavu nikigusa watu wa watu," alisema. "Wangu nitamgusa hivi hivi."

Baba ni saisi. Wengi wa rika langu hawalijui neno hilo. Ni mtu anayemtunza farasi: humlisha, humwosha, humpiga brashi, humfunga bendeji miguuni, na akirudi nyumbani humwongelea hadi chakula kipoe. Alifanya kazi hiyo Nairobi akiwa kijana. Mama alipopata kazi ya uuguzi Texas tukamfuata, na baba akaingia kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, akipanga maboksi. Miaka hiyo haizungumzii. Kisha siku moja alikuwa amempeleka jirani Arlington, akapotea njia, akatokea nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na harufu ikaingia dirishani. Aliegesha gari. Alimkuta mama mmoja Mzungu akihangaika na farasi aliyekataa kuingia zizini, naye akamwomba baba amshikie kamba. Huyo mama ni mkufunzi wa farasi, na ndiye amekuwa bosi wake hadi leo. Pale ghalani baba hakurudi hata kuchukua jaketi lake.

Mimi sikuipenda kazi hiyo. Nilikuwa nimemaliza chuo, nafanya kazi ya ofisi ambayo ningeweza kuifanya nikiwa nimelala, na jioni nilikuwa na nguvu nyingi za kubishana. Nilimuuliza baba nani alimwambia farasi anapenda kushindana. Nilimuuliza kama mtu anaweza kumpenda mnyama na kumfanyia kazi mtu anayempiga fimbo. Aliniita wakili. "Wakili ameamka," angesema nikiingia jikoni. "Leo nimeshtakiwa kwa kosa gani?"

Lakini kuhusu dawa hatukubishana. Hapo baba alikuwa mkali kuliko mimi. Katika ujana wake, mahali ambapo hataki kupataja, alimshika kichwa farasi aliyechomwa sindano ya ganzi ili asisikie mguu mbovu. Farasi akakimbia vizuri sana, kwa sababu hakusikia kitu, hadi mfupa ukavunjika. "Aliendelea kunitazama akitaka kuondoka," baba alisema. "Hakujua kwamba mguu haupo tena." Kwa hiyo alizipenda sheria za hapa. Farasi akishinda hupelekwa moja kwa moja kwenye zizi la vipimo, na mtu wa pale husimama naye, ameshika kikombe mwishoni mwa fimbo ndefu, akipiga mluzi taratibu hadi farasi akojoe. Mkojo hutiwa muhuri na kupelekwa maabara. Baba alinifundisha ule mluzi. Alisema ndiyo kazi pekee duniani inayolipa mtu kupiga mluzi, na kwamba kama saisi wa zamani angeandika sheria, angeandika hizo hizo.

Farasi wake alikuwa jike wa rangi ya kahawa, mwenye doa jeupe lililopinda puani. Jina lake la mbio lilikuwa refu na la kipuuzi. Nyumbani, baba alimwita dada yako, yaani dada yangu mimi: "Dada yako leo amekula vizuri." Mama alimwita mke mwenza.

"Mke mwenza hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Mwambie mimi nakufulia, yeye anakuchafua."

Huyu jike alikuwa na tabia ya kuramba viganja vya baba kila asubuhi kabla ya bendeji. Kisha, kuanzia majira ya baridi yaliyopita, akaanza kucheka. Baba alitutumia video kwenye kundi la familia: jike anaramba, anatulia kidogo, halafu anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu hadi ufizi wote unaonekana, meno nje, macho yamefumba nusu. Nyuma ya simu unamsikia baba akicheka naye. "Mnaona? Ananicheka! Sijui nimemwambia nini!" Shangazi zangu Kenya walijibu kwa vikaragosi vya machozi ya furaha. Mama aliandika kwamba hata yeye huwa anamcheka, lakini kwa adabu.

Majira hayo hayo ndipo mikono ya baba ilipozidi kuuma. Baridi yabisi ilikuwa imeanza kwenye maungio ya vidole zamani, lakini sasa asubuhi hakuweza kukunja ngumi. Alianza kula ugali kwa kijiko. Alipoona namtazama akasema ni ustaarabu wa Marekani. Mama aliacha yale mafuta ya zamani, akanunua dawa nyingine ya kuchua, kali, inayouzwa dukani bila cheti cha daktari. Siku ya kwanza jikoni kulinuka hadi nikapiga chafya. Baba alifumba macho. "Hii," alisema, "hii inaongea." Akaenda kazini vidole vikiwa vyekundu, vimelainika.

Kazini hakumwambia mtu. Saisi asiyeweza kufunga bendeji, alisema, ni mtu wa kufagia tu.

Jike alipelekwa Houston kukimbia mwanzoni mwa machipuko. Baba alisafiri naye kwenye lori. Asubuhi hiyo mama alimchua muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu ya safari, kisha akamtia ile dawa mfukoni. Mbio niliziona kwenye simu, nimejifungia chooni ofisini. Jike alishinda. Mimi nisiyeamini mbio nilipiga mlango wa choo ngumi. Baba alipiga simu kutoka zizi la vipimo, akinong'ona kwa furaha, na nyuma yake nikausikia ule mluzi.

Majibu yalikuja baada ya majuma kadhaa. Bosi alimpigia baba simu Jumapili, tumetoka misani, mama anakaanga samosa. Baba alisikiliza amesimama. Alijibu, "No, ma'am," mara mbili, kisha akakaa.

"Wamepata kitu kwa dada yako," alisema.

Alijaribu kukumbuka jina alilotajiwa. Nilimletea simu yangu na tukalitafuta hadi tukalipata. Nilisoma kwa sauti: ni kile kinachoifanya pilipili iwashe. Kuna watu humpaka farasi miguuni ili maumivu yafe akimbie, na kwa sababu hiyo hakiruhusiwi hata kidogo.

"Pilipili?" baba alisema. "Nani ampe farasi pilipili?"

Niligeuka kumwangalia mama. Alikuwa amezima jiko. Alisimama anaangalia mikono yake, pande zote mbili. Kisha alienda kwenye mkoba wake wa kazini, akatoa ile dawa, akaiweka mezani mbele yetu upande wa maandishi ukiwa juu. Jina lilikuwa lile lile.

Baba aliichukua, akaigeuza upande wa pili. Tulielewa sote watatu kwa wakati mmoja: mama anampaka bila glavu, baba anampangusa farasi bila glavu, farasi anaramba kiganja. Hakuna aliyefanya jambo asilolifanya kila siku.

"Basi imekwisha," nilisema. "Ni bahati mbaya. Unawaeleza, wanaona dawa, wanaelewa."

"Sielezi," baba alisema.

"Baba!"

"Nitasema sijui imetoka wapi."

"Lakini unajua."

"Wakili, nikisema dawa, wataniuliza ya nini. Nikisema mikono, bosi atasikia mikono. Siku hiyo hiyo jike atapewa mtu mwingine. Nikinyamaza, labda wataninyang'anya kadi kwa muda, kisha nitarudishiwa." Kadi hiyo ilikuwa leseni yake yenye picha, inayoning'inia shingoni. Aliivaa hata kanisani, chini ya shati. "Na kuna mwingine pia mwenye leseni humu ndani."

"Usinitaje mimi," mama alisema. "Dawa ya dukani haigusi leseni ya mtu."

"Wewe unajua hivyo. Wao wataandika: muuguzi. Wataandika: mke."

"Waandike! Mimi ni mke!"

Nilimwambia baba kwamba akinyamaza, bosi wake ndiye atakayebeba lawama, maana kwa sheria mkufunzi hujibu kwanza kwa chochote kinachopatikana ndani ya farasi, na watu watasema mama yule hutia farasi dawa. Nilimwambia yeye ndiye aliyenifundisha kwamba sheria hizo ni nzuri. Nilisema vitu vingi, vyote vya kweli, na nikaona havimsaidii. Alichukua samosa moja, ikamponyoka vidoleni, ikaanguka mezani. Mama aliiokota, akaikata vipande viwili, akamwekea kwenye sahani.

Baba aliitwa kwenye kikao cha wasimamizi wa mbio, huko huko Houston. Kiingereza chake ni cha kutosha, lakini aliomba niende kumtafsiria asije akatoa neno baya. Mama alibadilishana zamu na mwenzake. Mimi niliendesha. Kwa majuma yale yote baba hakuguswa na ile dawa. Mama alimchua kwa mafuta ya nazi tu, na kila asubuhi, nikiwa chumbani kwangu, nilimsikia baba akivuta pumzi kwa maumivu.

Barabara ya Houston ni ndefu na haina la kutazama. Mama alikaa nyuma, rozari mkononi. Baba alikaa mbele amevaa suti yake ya harusi za watu, kadi shingoni.

"Umeamua utasema nini?" niliuliza.

"Nilishasema."

"Utaniambia niseme 'hajui', na mimi najua unajua. Nitakuwa nadanganya kwa lugha mbili."

"Basi u-resign," baba alisema, na mama akacheka huko nyuma bila kutaka.

Katikati ya safari tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Tukala samosa tukiwa tumeegemea gari. Mimi nilikuwa na silaha moja niliyoiandaa bila kuwaambia. Nilikuwa nimezipanga video zote za jike kutoka kundi la familia, za kabla ya ile dawa na za baada yake, nikidhani hivyo ndivyo ushahidi unavyoandaliwa. Nilitaka kumwonyesha kwamba tunaweza kuthibitisha mambo yalianza lini. Nikampa simu.

Video ya kwanza: jike anaramba kiganja, anaramba tena, anakisukuma kwa pua akitaka zaidi. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu: anaramba, anatulia, anainua kichwa, mdomo unakunjika.

"Hapa hacheki," baba alisema, akirudi kwenye ya kwanza.

"Hapo mama alikuwa bado anatumia mafuta ya zamani."

"Na hapa anacheka."

"Hapo dawa mpya imeanza. Ndiyo maana nasema, ukiwaonyesha hizi..."

Hakuwa ananisikiliza. Alitazama ile ya tatu tena, sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu, ananicheka, mnaona, ananicheka. Aliitazama hadi mwisho. Halafu akanirudishia simu taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Hakuwa anacheka," alisema.

Mimi nilikuwa nimezitazama video hizo mara nyingi, nikihesabu ushahidi, na sikuwa nimeliona hilo.

"Mzee," mama alisema.

"Nilikuwa namuunguza mdomo. Kila asubuhi. Na kesho yake analeta ulimi tena." Alitazama viganja vyake. "Nami natoa simu nimpige picha."

Alienda kwenye bomba lililokuwa pembeni, lile la kuoshea vioo vya magari, akanawa mikono. Ilikuwa safi, na tulikuwa mbali sana na jike. Mama alimfuata na kusimama naye, akampa kitambaa cha kichwa chake ajifutie. Sikusikia walichoongea. Waliporudi, baba aliingia garini, akafunga mkanda kwa shida, akasema akitazama kioo cha mbele, "Nitasema kwa Kiswahili. Wewe utasema nyuma yangu. Usiongeze kitu."

"Sitaongeza."

"Na usipunguze."

Chumba cha kikao kilikuwa cha kawaida, cha zulia na taa nyeupe, na wasimamizi walikuwa watu wa heshima waliochoka. Bosi wa baba alikuwa ameshafika, kofia mapajani. Walimuuliza baba kama anajua dutu ile ilifikaje kwa farasi. Alisema ndiyo. Nikasema ndiyo. Nilimwona bosi akigeuza kichwa.

Baba aliongea polepole, akiniachia nafasi. Alisema mikono yake ni mibovu tangu baridi ilipoanza. Mke wake humchua, naye huenda kazini akamshika farasi kwa mikono hiyo, kwa sababu alifundishwa kwamba saisi husikia joto la mguu kwa kiganja kitupu. Alisema farasi alimwambia kila siku kwamba kuna kitu kinawasha, naye alidhani ni mchezo. Aliwaomba wasimwandike bosi wake kama mtu anayetia farasi dawa. Yeye aliwahi kumshika farasi wa aina hiyo, alisema, na anajua tofauti. Kisha akaweka mikono juu ya meza, akajaribu kukunja ngumi wakiona. Haikukunjika. Akavua kadi yake, akailaza kando ya mikono bila kuombwa.

Maisha yangu yote sijawahi kurudia maneno ya mtu bila kuyahoji. Siku hiyo niliyarudia yote, na mara moja tu sauti ilinigoma, kwenye neno mke.

Walitazama dawa, wakatazama video. Wakatuomba tusubiri nje, kisha wakatuita. Ushindi uliondolewa, farasi aliyekuwa wa pili akawa wa kwanza, na hilo baba aliitikia kwa kichwa hata kabla sijatafsiri. Bosi alipewa onyo na adhabu ndogo ambayo sheria haikuweza kumwepusha nayo. Baba alipewa onyo na amri ya glavu. Leseni haikuguswa.

Nje, kwenye jua, bosi alitufuata akiwa ameshika ile kadi. "Umesahau hii," alimwambia baba. Hakumpa mara moja. "Hiyo mikono. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani utanifukuza."

Alifikiri. Nilimpenda kwa kuwa alifikiri kweli. "Sijui," alisema. "Labda ningefanya hivyo." Akamvisha baba kadi shingoni, akaivuta kidogo ikae sawa juu ya tai, akaenda kutafuta gari lake.

Mama alisema haendi popote bila kula. Tulipita Alief, mtaa mmoja wa Houston, kwenye duka moja la Waafrika lenye meza chache nyuma ya rafu za unga. Tuliagiza ugali na samaki. Mhudumu, kijana wa Kirundi aliyemwita baba mzee kwa heshima, alileta maji ya kunawa. Baba alinawa na kutazama ugali.

"Niletee kijiko, kijana wangu," alisema. "Vidole vyangu vinauma."

Alisema kwa sauti ya kawaida, watu wa meza ya pili wakisikia. Mama alijifanya anatafuta chumvi.

Sasa hivi mambo yamebadilika kidogo. Mama humchua baba mchana, akishatoka kazini na kuoga, yeye mama akiwa ameamka. Kwa hiyo ndoa yao imehamia saa nyingine, na alfajiri wanakunywa chai tu, wamekaa. Bendeji za jike anafunga bosi mwenyewe, amepiga magoti kwenye nyasi kavu, huku baba akishika kichwa. Amri ya glavu baba anaitii, isipokuwa dakika moja ambayo bosi hujifanya haoni: kabla ya bendeji, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni mbele yake, anapapasa kila mguu na kumwambia wapi pana joto. Mimi bado sijui kama mbio ni kitu kizuri. Nilimuuliza tena juzi, akasema niwasilishe hoja zangu kwa maandishi.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kazini kwa sababu gari lake lilikuwa gereji. Nilisimama mlangoni mwa zizi. Baba alinyoosha kiganja, kitupu, kinachonuka sabuni. Jike alikinusa kwanza. Hakuwa na haraka. Akaramba mara moja, akatulia, na baba akamsubiri, nami nikajikuta nimezuia pumzi nikisubiri ule mdomo ukunjike. Haukukunjika. Akaramba tena, akakisukuma kiganja kwa pua, akilia kwa sauti ya chini.

"Hanicheki tena," baba alisema. Alisema kama mtu aliyeachwa na rafiki, lakini hakuutoa mkono.

"Umechukia?"

"Hapana." Jike alikuwa amehamia kwenye kifundo cha mkono, anaramba hadi ndani ya ncha ya mkono wa shati. "Nadhani sasa ananionea huruma."